Mwenye Funguo Zote

Katika nyumba kubwa yenye vyumba vingi hukosi kumkuta mtu mmoja ashikaye funguo zote. Wapangaji kila mmoja ana ufunguo wake, nao haufungui chumba cha jirani. Lakini yeye huingia popote, saa yo yote, wala hapana mlango uwezao kumzuia. Akiwa mwangalifu, wapangaji hulala usingizi. Akiwa mzembe, akaziacha funguo zake mezani penye watu wapitao, basi kufuli za nyumba hiyo, hata zikiwa za chuma cha namna gani, si kufuli tena. Nakuomba, msomaji, uishike picha hiyo akilini, maana nataka kukusimulia habari za nyumba ya namna hiyo isiyojengwa kwa mawe. Nyumba hiyo ni kompyuta, na hasa kompyuta ya mezani iendeshwayo na mfumo uitwao Linux.

Huenda katika chumba cha kompyuta cha shule yako umepata kukaa mbele ya mashine kama hiyo, ukataka kuiongezea programu mpya, mara kikatokea kijisanduku kikikudai neno la siri la msimamizi. Pengine ulikasirika. Ulijiuliza kwa nini mashine uliyokwisha kuiwasha kwa mkono wako, na kuingia kwa jina lako, ikudai ruhusa mara ya pili. Swali hilo ni la haki, na watu wenye akili wamegombana juu yake kwa zaidi ya miaka sitini. Jibu lake haliwezi kufahamika illa kwa kurudi nyuma mpaka zamani zile ambapo kompyuta moja ilijaza chumba kizima.

Mwaka 1961, katika Massachusetts Institute of Technology huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Kabla ya hapo kompyuta ilimtumikia mtu mmoja mmoja kwa zamu. Ulipeleka kadi zako zilizotobolewa, ukaenda zako, ukarudi baadaye kuchukua majibu. CTSS iliwawezesha watu wengi kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa mbele ya mtambo wake wa kupigia chapa uliounganishwa kwa waya, na kila mtu akidhani kwamba kompyuta nzima ni yake peke yake. Hapo ndipo haja ya faragha ilipozaliwa, kwa kuwa watu wakikaa pamoja hapana budi pawe na vyumba. Kila mtumiaji akapewa neno la siri, na maneno yote yakaandikwa katika faili moja, waziwazi, kama orodha ya majina ya darasa.

Haukupita muda orodha hiyo ikaibiwa. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa shahada ya juu, Allan Scherr, aliona kwamba saa alizogawiwa za kutumia mashine hazimtoshi kwa kazi yake. Akaandika ombi la kuchapiwa faili ile ya maneno ya siri, akalitia pamoja na maombi mengine ya kawaida usiku wa Ijumaa, na Jumamosi asubuhi akaenda kuichukua karatasi yake kama mtu achukuaye gazeti. Hakuvunja kufuli hata moja. Yeye mwenyewe alikuja kuisimulia habari hiyo miaka mingi baadaye, wakati ambapo hapana mtu aliyekuwa na sababu ya kumkemea.

Miaka michache baada ya hapo, katika mfumo ule ule, likatokea jambo la ajabu zaidi. Msimamizi mmoja alikuwa akihariri salamu za siku, yaani maneno yale yanayomkaribisha kila aingiaye. Mwenziwe, wakati ule ule, alikuwa akihariri faili ya maneno ya siri. Programu yao ya kuhariri ilitumia jina moja tu kwa faili ya muda, maana walioiunda hawakufikiri kwamba watu wawili wangeweza kufanya kazi mahali pamoja kwa saa moja. Faili hizo mbili zikabadilishana nafasi. Kila aliyeingia baada ya hapo alilakiwa na orodha ya maneno ya siri ya watu wote, mstari kwa mstari.

Angalia tofauti ya visa hivi. Katika cha kwanza palikuwa na mjanja aliyejua alitakalo. Katika cha pili hapakuwa na adui kabisa. Walikuwapo watumishi wawili waaminifu, kila mmoja akitimiza wajibu wake. Utawaona watu wa aina hizi mbili wakirudi mara kwa mara katika hadithi hii, nami sioni sababu ya kumwogopa wa kwanza kuliko wa pili.

Sasa twende New Jersey, katika maabara za Bell Labs, ambako mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo mdogo ulioitwa Unix. Linux ya leo haikunakiliwa kutoka kwake, lakini ilifuata desturi zake, kama mtoto afuataye mwendo wa babu yake. Katika Unix kila mtumiaji hupewa namba. Jina ni la kuwafaa wanadamu. Mashine yenyewe hutazama namba. Kila faili ina mwenyewe, naye huamua nani aisome na nani aandike juu yake. Lakini iko namba moja isiyoulizwa lo lote, nayo ni sifuri. Mwenye namba sifuri huitwa root, maana yake mzizi, na kwake yeye kanuni zote za ruhusa hulala.

Uzuri wa mpango huu ni wepesi wake, na ubaya wake ni huo huo. Hapana nusu ya root wala robo. Ukitaka kubadili saa ya mashine, yakupasa uwe root. Ukitaka kumwandikisha mtumiaji mpya, uwe root. Na ukitaka kufuta kila kitu kilichomo diskini, root ni yule yule. Aliyepewa uwezo wa kufanya dogo amepewa na uwezo wa kufanya kubwa.

Shida ikatokea mara. Mtu wa kawaida akitaka kulibadili neno lake mwenyewe la siri afanyeje, na faili ya maneno hayo ni mali ya root peke yake? Ritchie akabuni dawa. Programu fulani hutiwa alama, na mtu ye yote aianzishapo, hutenda kazi kwa uwezo wa mwenye programu, si kwa uwezo wa aliyeianzisha. Mfano wake ni karani akaaye dirishani katika posta. Wewe huruhusiwi kuingia ndani penye sanduku la fedha, lakini yeye huingia kwa ajili yako, akafanya lile moja uliloomba, akarudi. Waajiri wake waliomba hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1973, ikatolewa mwaka 1979. Mkumbuke karani huyu, msomaji. Tutamkuta tena akidanganywa.

Mwaka huo wa 1979 Ken Thompson, pamoja na mwenziwe Robert Morris, walichapisha makala mashuhuri juu ya maneno ya siri. Walikwisha kujifunza kwa makosa ya CTSS. Katika Unix maneno hayakuandikwa tena waziwazi, bali yalivurugwa kwa hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, na kabla ya kuvurugwa yakatiwa kitu kidogo cha kubahatisha walichokiita chumvi, ili watu wawili wenye neno moja wasionekane kuwa sawa. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini walipokusanya maneno 3,289 yaliyochaguliwa na watumiaji wenyewe, waliona aibu ya wanadamu. Maneno 15 yalikuwa ya herufi moja tu. Mengine 72 yalikuwa ya herufi mbili, na 464 ya tatu. Mengine 492 yalipatikana katika kamusi na orodha za majina. Kwa jumla maneno 2,831, yaani asilimia 86, yangeweza kukisiwa bila ya taabu kubwa. Kufuli ilikuwa madhubuti, lakini mwenye nyumba aliuacha ufunguo chini ya mkeka. (Thompson mwenyewe alikuwa na neno la herufi nane lililotokana na mwendo wa kuanzia mchezo wa sataranji; lilipatikana mwaka 2019, na hata hivyo kompyuta ya siku hizi ilihitaji siku kadhaa kulivumbua.)

Robert Morris huyo alikuwa na mtoto wa kiume, jina lake Robert Tappan Morris. Tarehe 2 Novemba 1988 kijana huyo, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, aliachilia katika intaneti programu iliyojieneza yenyewe kutoka mashine hadi mashine. Miongoni mwa mbinu zake ilikuwamo ile ile aliyoionya baba yake: ilibeba orodha ya maneno 432 na kuyajaribu moja moja. Inakadiriwa kwamba mashine kama 6,000 ziliathirika, zikawa nzito hata hazifai kwa kazi. Kijana alihukumiwa mwaka 1990 kukaa miaka mitatu chini ya uangalizi, kutumikia jamii kwa saa 400, na kulipa faini ya dola 10,050. Yafaa kuangalia jambo moja ambalo watu husahau: programu ile haikujisumbua kutafuta uwezo wa root. Ilifanya uharibifu wake wote ikiwa na uwezo wa mpangaji wa kawaida tu. Nitalirudia jambo hili mbele, maana ndilo liumalo zaidi katika mabishano ya leo.

Sasa tuzungumze juu ya namna ya kuwa root. Njia ya kale ni amri iitwayo su. Unaiandika, inakudai neno la siri la root, ukilijua unageuka kuwa yeye mpaka utoke. Njia hii yafaa penye msimamizi mmoja. Wakiwa kumi, wote kumi hulijua neno moja. Faili ikipotea, nani aliifuta? Root. Na huyo root ni nani kati ya kumi? Hapana ajuaye. Mmoja akiacha kazi, hapana budi neno libadilishwe na wote tisa waliobaki waambiwe jipya, na siri iambiwayo watu tisa imekwisha kuwa nusu ya tangazo.

Karibu na mwaka 1980, katika idara ya sayansi ya kompyuta ya chuo kikuu cha jimbo la New York kilichoko Buffalo, Bob Coggeshall na Cliff Spencer waliandika programu ndogo waliyoiita sudo. Katika umbo lake tulijualo leo, sudo haikuulizi neno la siri la root. Hukuuliza neno lako wewe. Halafu hutazama katika orodha: je, mtu huyu ameruhusiwa kufanya jambo hili? Akiwa ameruhusiwa, hulifanya jambo hilo moja kwa uwezo wa root, ikaandika katika daftari jina lake, saa, na amri aliyoitoa. Mtu aitumiapo kwa mara ya kwanza husomewa waadhi mfupi: aheshimu faragha ya wengine, afikiri kabla ya kuandika, na akumbuke kwamba uwezo mkubwa huja na wajibu mkubwa. Asiyemo katika orodha huambiwa kwamba kisa chake kitapelekwa kwa wakubwa. Wanafunzi wengi wameogopa maneno hayo kuliko walivyomwogopa mwalimu wa zamu.

Usidhani kwamba watu wote waliona ni haki kuwapangia wenzao mipaka. Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi wa GNU ambao programu zake hutumika pamoja na Linux, aliikataa desturi ya kikundi teule kiitwacho wheel, ambacho watu wake peke yao ndio waruhusiwao kutumia su. Katika maelezo ya toleo lake la su alisimulia kwamba karibu na mwaka 1984, katika maabara alimofanya kazi, watu wachache walilibadili neno la siri la msimamizi, wakalificha ili wawatawale wengine wote, naye akaupindua utawala huo. Kwa hiyo, alisema, ikiwa msimamizi mwenye huruma atamnong'oneza mtumiaji wa kawaida neno la siri, mashine isimzuie huyo mtumiaji. Huwezi kukubaliana naye katika kuendesha benki. Lakini ameuliza swali ambalo wataalamu wa usalama hawapendi kuulizwa, nalo ni kwamba kufuli hii yamlinda nani, na dhidi ya nani.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki katika Finland, alitangaza kiini cha mfumo alichokiandika kwa ajili ya kompyuta yake ya nyumbani. Kiini hicho ndicho Linux. Peke yake hakitoshi. Huvishwa programu nyingine nyingi, na mafungu hayo yaliyokwisha kutayarishwa ni mengi: Slackware na Debian yalianza mwaka 1993, na mengine yakafuata. Basi mfumo wa desturi za wapangaji wengi ukaingia katika nyumba ya mtu mmoja. Mtu huyo ndiye mpangaji, ndiye mwenye nyumba, ndiye mshika funguo, na aghalabu ndiye fundi wa kutengeneza bomba likipasuka. Mafungu ya kwanza yalimwagiza atunge maneno mawili ya siri, moja la root na moja la kwake. Wengi waliona taabu, wakaingia kama root asubuhi na kutoka kama root usiku.

Wapo waliojaribu kuifanya taabu hiyo kuwa desturi. Kampuni ya Lindows, iliyoanzishwa mwaka 2001 ili kuwavuta watumiaji wa Windows, ilitoa mfumo ambao ndani yake mtu alikuwa root tangu kuwasha mpaka kuzima. Ilisema kwamba watu wa nyumbani wanataka urahisi. Wakati huo huo Windows XP ya mwaka 2001 nayo ilimpa uwezo wa msimamizi mtu wa kwanza aliyeandikishwa, na virusi vya miaka iliyofuata vilishukuru kwa hilo. Lindows ililaumiwa sana, nami nadhani ililaumiwa kwa haki.

Ukitaka kujua ubaya wa kutembea na funguo zote mkononi, hebu tazama kisa cha mwaka 2011. Palikuwa na programu iitwayo Bumblebee, ya kuzisaidia kompyuta za mkononi zenye kadi mbili za kuchorea picha. Maagizo ya kuiweka, ambayo hapana budi yaendeshwe na root, yalikusudia kufuta folda moja ndogo iliyomo ndani kabisa ya folda kubwa iitwayo usr. Mwandishi alipokuwa akiandika njia ya kufikia folda hiyo, kidole chake kiligusa kitufe cha nafasi baada ya neno usr. Nafasi moja tupu, isiyoonekana hata kwa mwenye macho makali. Mashine ikafahamu kwamba imeamriwa kufuta vitu viwili: kwanza folda yote ya usr, ambamo karibu programu zote za mfumo hukaa, kisha kile kidogo kilichobaki. Ikatii. Mtumiaji wa kawaida angejibiwa kwamba hana ruhusa, na mambo yangekwisha hapo. Root hajibiwi hivyo.

Mwezi wa Oktoba 2004 likatoka fungu jipya lililogharimiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Alilipa jina la Ubuntu, neno la lugha za Kinguni ambalo wewe msemaji wa Kiswahili hulihitaji kufasiriwa, kwa kuwa ni ndugu wa neno letu utu. Ubuntu ilifanya jambo ambalo wazee wa Unix walilipokea kwa mashaka: iliufunga mlango wa root. Root yumo ndani ya mashine, namba yake ni sifuri kama zamani, lakini hana neno la siri ambalo mtu aweza kuliandika akaingia. Mtu wa kwanza aandikishwaye siku ya kuweka mfumo hutiwa katika orodha ya sudo, naye hutumia neno lake mwenyewe kila apatapo kazi kubwa. Apple walikuwa wamefanya vivyo hivyo katika Mac OS X tangu mwaka 2001, lakini katika Linux ya mezani Ubuntu ndiyo iliyoieneza desturi hii hata ikawa kama kanuni. Debian bado humwuliza mtu neno la root anapoweka mfumo. Akiacha wazi, humpa sudo.

Wapinzani walisema: zamani mwizi alihitaji maneno mawili, sasa lamtosha moja. Hawakusema uongo. Lakini watetezi walijibu kwamba yule mtu wa zamani aliyekuwa na maneno mawili aliandika lile lile mara mbili, au alikaa humo kama root siku nzima. Na zaidi ya hayo, kule kusimamishwa kidogo na kuulizwa humfanya mtu azinduke. Mimi nakubaliana nao nusu. Mtu akiulizwa mara mbili kwa siku huzinduka. Akiulizwa mara ishirini huandika neno lake bila ya kusoma, kama mtu aitikiaye salamu njiani huku mawazo yake yako kwingine.

Watu wa Fedora waliliona hilo, wakajaribu kupunguza maswali. Fedora 12, iliyotoka Novemba 2009, ilimruhusu mtu aliyekaa mbele ya mashine kuongeza programu bila ya neno la siri lo lote, maadamu programu hiyo imetiwa sahihi na Fedora wenyewe. Hoja yao ilikuwa na maana: kama bidhaa imekwisha kukaguliwa, kwa nini umwulize mnunuzi? Walakini makelele yakatokea. Watu wa vyuo na ofisi walisema kwamba kwao aliyekaa mbele ya mashine si mwenye mashine. Mwanafunzi angeweza kuijaza diski, au kuongeza programu iliyotiwa sahihi halali lakini yenye ufa unaojulikana, kisha akapita katika ufa huo. Kwa muda wa siku chache Fedora ikarudi nyuma na kudai neno la siri tena. Hapo waona kwamba neno mezani halina maana moja. Meza ya chumba chako cha kulala na meza ya chumba cha kompyuta cha shule zafanana kwa mbao tu.

Nilikuomba umkumbuke karani wa dirishani. Sudo yenyewe ni karani wa namna hiyo: huanzishwa na mtu ye yote, hutenda kwa uwezo wa root. Basi kosa lo lote lililomo ndani yake ni mlango. Mwezi wa Oktoba 2019 lilitangazwa moja ambalo hata wewe waweza kulifahamu kwa hesabu za darasani. Msimamizi angeweza kuandika kwamba mtu fulani aruhusiwe kutenda kwa jina la mtumiaji ye yote, isipokuwa root. Mtu huyo akaomba kutenda kwa namba ya hasi moja. Namba hiyo si sifuri, kwa hiyo sudo ikamkubalia. Lakini ndani ya kiini, hasi moja ni ishara ya kusema usibadilishe namba; na namba ya sudo wakati huo ni ipi? Ni sifuri. Aliyekatazwa kuwa root akawa root kwa kuomba kuwa si kitu.

Kosa hilo lilihitaji kanuni ya nadra. La Januari 2021 halikuhitaji cho chote. Wataalamu wa kampuni ya Qualys waligundua kwamba tangu Julai 2011 sudo ilikuwa na ufa katika namna ya kusoma maneno yaliyoishia kwa alama ya mkwaju ulioinamia nyuma. Ilipita mwisho wa maneno, ikaendelea kunakili, ikafurika nje ya nafasi yake. Mtu ye yote mwenye jina katika mashine, hata asiyemo katika orodha ya sudo, aliweza kuufuata ufa huo mpaka kwa root. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2022, wataalamu hao hao walionyesha ufa mwingine katika karani mwenzake aitwaye pkexec, ambaye hupatikana karibu katika kila Linux ya mezani. Huyo aliamini kwamba kila amwitaye humpa walau neno moja, jina lake mwenyewe. Akiitwa bila ya neno lo lote alisoma mahali pasipo pake. Ufa huo ulikuwamo tangu toleo lake la kwanza, Mei 2009, yaani kwa zaidi ya miaka kumi na miwili, mbele ya macho ya watu wote. Maana programu hizi haziandikwi kwa siri, na ye yote angeweza kuzisoma.

Mambo hayo yalirekebishwa upesi, na mashine zilizosasishwa zilipona. Lakini sasa yanipasa kulirudia lile la mwaka 1988. Tuseme kompyuta yako ni salama kabisa, na root amefungiwa ndani ya ngome. Umeingia kwa jina lako, ukaendesha programu uliyopewa na rafiki. Programu hiyo si root. Haiwezi kubadili saa, wala kuandikisha mtumiaji mpya. Lakini yaweza kusoma barua zako, kunakili picha za mama yako, kufuta insha uliyoiandika kwa majuma matatu. Kwa sababu hivyo vyote ni vyako, nayo yatenda kwa jina lako. Ngome imeyalinda mabomba na kuta, ambavyo waweza kuvipata tena bure kwa nusu saa. Vile visivyopatikana tena vimeachwa mezani. Mpango wa Unix ulibuniwa ili kumkinga mpangaji na mpangaji mwenziwe. Haukubuniwa kumkinga mpangaji na wageni aliowakaribisha mwenyewe.

Dawa ya hilo ilipatikana kwanza nje ya meza, nayo pengine imo mfukoni mwako. Simu za Android, zilizoanza kuuzwa mwaka 2008, zina kiini cha Linux. Ndani yake zile namba za watumiaji hazikugawiwa watu. Kila programu hupewa namba yake, kama kwamba ni mpangaji wa kujitegemea, hata programu ya michezo isiweze kufungua barua za programu nyingine. Ni matumizi mapya ya kufuli ya zamani, na kwa maoni yangu ndiyo fikra nzuri kupita zote nilizozitaja. Lakini ina bei. Katika simu nyingi wewe uliyeinunua huwezi kuwa root; watengenezaji wamezishika funguo, na ukizichukua kwa nguvu, programu nyingi za benki hukataa kufanya kazi. Swali la Stallman halijapata jibu, limehamia mfukoni. Linux za mezani nazo zimeanza kuzifungia programu katika vyumba vyao, kwa mipango kama Flatpak na Snap, lakini mwenye mashine ameachiwa funguo zake.

Na sudo? Watu wa OpenBSD waliiona imekuwa kubwa mno, wakatoa ndogo yao iitwayo doas mwaka 2015. Mwezi wa Oktoba 2025 Ubuntu 25.10 ilitoka ikiwa na sudo-rs, yaani sudo iliyoandikwa upya katika lugha ya Rust, ambayo kwa kawaida haikubali programu kupita mwisho wa nafasi yake kama ilivyotokea kwa ufa wa 2011. Sudo ya asili bado ipo, na mtunzaji wake ni Todd Miller, aliyeipokea mwaka 1994. Ukikaa mbele ya Ubuntu hiyo mpya ukaandika amri yako, utadaiwa neno la siri vile vile kama zamani, na ukilikosea, utaulizwa tena.